Waya wa Mama Kadzo

Kadzo aliponipigia simu ya msiba, nilikuwa mezani nikiandika makala ya kuwakemea watu wazima wasiokubali makosa yao. Nilikuwa nimefika aya ya tatu, na nilikuwa najifurahia sana. "Da Zuhura," akasema, "mama ametutoka alfajiri. Tunamzika hapahapa nyumbani Muyeye. Adu kwao alikataa kupelekwa, unamjua. Na kuna kitu chako hapa. Alisema usiletewe, uje uchukue mwenyewe." Nikampa pole, nikaweka simu, nikarudi kuitazama ile aya ya tatu. Ilikuwa aya nzuri, imejaa maneno mazito yaliyopangwa kama viatu msikitini. Nikaifunga kompyuta. Nilijua kitu chenyewe ni nini, au nilidhani najua, na nimeishi zaidi ya miaka thelathini nikiomba kiwe kimepotea.

Wanaonijua kwa vitabu hufikiri nilizaliwa nimeshika kalamu. Lakini chuo kikuu nilikwenda kusomea uhandisi wa mitambo, nikiwa mmoja wa wasichana watatu katika darasa la wavulana waliokuwa wakinibebea vitabu ambavyo sikuwaomba wavibebe. Katika mwaka wa pili wanafunzi waligoma kwa ajili ya chakula. Maharagwe yalikuwa na wadudu. Si mdudu mmoja aliyeteleza kwa bahati mbaya, ni ukoo mzima na wakwe zao. Mimi na mwenzangu tuliibeba sufuria kubwa kutoka jikoni, tukaipandisha ngazi za jengo la utawala, tukaimwaga mlangoni. Hilo nililifanya. Jioni ileile, upande wa pili wa chuo, watu nisiowajua walilitia moto basi la chuo. Hilo sikulifanya; nilikuwa bombani naosha viatu vyangu maharagwe. Lakini askari wa mlangoni alikuwa amekwisha kuandika jina langu, na majina yote ya siku ile yalitiwa katika orodha moja. Tukarudishwa nyumbani mwaka mzima. Anayetaka kurudi, barua ilisema, atie sahihi karatasi iliyoambatishwa kabla ya mwaka kwisha, akiri kwamba alishiriki kuichoma mali ya chuo na kwamba anajuta. Karatasi yenyewe ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Ilibaki nafasi ya jina tu.

Karatasi ile iliishi Shela ya Malindi, nyumbani kwa Shangazi Maryamu, ndani ya kabati la vioo, kati ya vikombe vya kahawa ambavyo havikutumiwa na bilauri ambazo hazikuguswa. Ukiketi kula unaiona. Shangazi aliiweka pale makusudi, kama watu wanavyoweka picha ya marehemu. Tulikula mbele yake wali wa nazi na samaki wa kupaka, tulikula mbele yake mahamri na mbaazi, na kila Ijumaa baada ya swala alikuja Ami Nassoro, ndugu yake mdogo aliyekuwa na kazi ya ofisini na kalamu tatu mfukoni, akala mbele yake kuliko sisi sote. Walikuwa wakinipeleka jikoni kuchemsha chai ili wapate kunisema, na dirisha la jikoni lilifunguka barazani palepale walipokaa. Sijui kama walisahau au walitaka nisikie.

"Sahihi moja tu, Maryamu. Sahihi si sindano, haiumi."

"Mwambie mwenyewe. Mimi kanichosha."

"Wenziwe wote wametia sahihi."

"Wote, isipokuwa huyu wako."

"Wangu? Alipoingia chuo kikuu alikuwa wako. Ulipika biriani mtaa mzima ukala."

"Na wewe hukula?"

Nikasikia sauti ya kikombe kwenye kisahani. "Nilikula," Ami akakubali.

Nilikuwa mkaidi, lakini ukaidi wangu ulikuwa mtupu. Nilikataa kutia sahihi, basi. Sikuwa na kingine cha kufanya tangu asubuhi hadi jioni ila kukataa, na kukataa si kazi inayomjaza mtu siku. Kwa hiyo siku Shangazi aliponituma Muyeye na kipande cha cherahani yake kilichokatika, nilikwenda kwa furaha ambayo kipande kile hakikuistahili. Mafundi wa sokoni walikuwa wamemwambia mashine yake ni ya kizamani, vipuri havipo tena duniani. Jirani akamwambia yuko mwanamke wa Kigiriama huko Muyeye anayetengeneza vipuri visivyokuwepo duniani.

Chumba cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya jiko na banda la kuku, nacho kilikuwa nadhifu kuliko sebule yetu. Katikati, juu ya matofali yaliyojengewa saruji, ilikaa lethi ndogo ya rangi ya kijani, mashine ya kuchongea vyuma, imefunikwa leso kama mtoto aliyelala. Mama Kadzo aliiita tornio, kwa sababu hilo ndilo jina alilolisikia kwanza. Miaka kumi na mmoja alikuwa amefanya kazi ya usafi kwa mzee mmoja wa Kitaliano ambaye kila mtu alimwita Sinyore, na ambaye alikuja Malindi kupumzika lakini alishindwa. Akajifungia chumbani akitengeneza injini ndogondogo za mvuke za kuwekwa mezani. Mama Kadzo alifagia nyuzi za shaba zilizodondoka, akafuta mafuta, akatazama. Baadaye akashikilia. Baadaye tena Sinyore akawa ndiye anayeshikilia. Mzee alipougua na kurudi kwao aliwaambia watumishi kila mmoja achague kitu kimoja nyumbani. Mpishi alichukua friji, mtunza bustani alichukua televisheni. Mama Kadzo akaomba tornio, na mtaa mzima ulimcheka mpaka siku friji ilipokufa.

"Hodi."

"Karibu. Hizo nyuzi chini zinakata, usizikanyage halafu ukanililia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa mfupi, wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mwanya ambao aliutumia kupigia mbinja nyimbo za kanisani, zote kwa sauti moja. Alikishika kipande cha cherahani, akakigeuza. "Huyu shangazi yako anashona nini, mikeka?"

"Nguo za kawaida." Kisha, ingawa hakuniuliza, nikasema: "Mimi nasomea uhandisi wa mitambo."

"Vizuri. Mitambo unaijua?"

"Kwa nadharia."

"Nadharia ndiyo nini?"

Nikafikiri. "Ni kukijua kitu kabla hujakigusa."

"Aa," akasema, akafungua taya za tornio. "Kama bwana harusi."

Nikaomba nitazame. Akaniambia nivue buibui ama nisimame nje. Nikamwambia mimi najisitiri. "Tornio halijui sitara," akasema. "Likishika ncha ya nguo litakuvuta mpaka kichwa, nami sitaki kwenda kumweleza shangazi yako." Nikavua, nikajifunga leso kibwebwe, nikakifunga kitambaa changu cha kichwani vizuri nyuma ya shingo. Alipokiweka kile chuma kikaanza kuzunguka, na kisu kikagusa, na uzi mrefu wa chuma ukatoka ukijikunja kama ganda la chungwa, nilihisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi darasani kwa miaka miwili. Nilitaka kujaribu. Kesho yake nilirudi bila kutumwa, na kesho kutwa. Wiki ya tatu Shangazi aliuliza kwa nini natoka na buibui safi na kurudi na kucha nyeusi, nikamwambia, naye akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika Mambrui. Nilikwenda hivyohivyo. Kama mwaka ule ulikuwa wa kukataa, basi angalau niwe nakataa nikiwa na kazi mkononi.

Sasa nifike kwenye waya. Ulivutwa toka ukuta mmoja hadi mwingine juu ya tornio, kama kamba ya kuanikia nguo, na kilichoanikwa ni vyuma vilivyoharibika: magurudumu yenye tundu lililokwenda upande, fito zilizopinda, pistoni nyembamba mno. Kila kimoja kilikuwa na lebo ya bati iliyokatwa kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia, imegongwa maneno kwa nyundo na mihuri midogo ya chuma ya herufi. SINYORE. HARAKA. Nyingine: SINYORE. DIVAI. Nyingine: MAMA KADZO. NILISIKILIZA REDIO. Vya Sinyore vilikuwa vingi, alikuwa akivitupa naye akaviokota pipani. Hii haikuwa desturi ya Mtaliano. Ilikuwa yake mwenyewe, aliitunga kwa sababu, alivyosema, kitu kilichoharibika kikitupwa hukirudia tena kesho, na hukumbuki ni lini mliachana.

Siku niliyoharibu mara ya kwanza, kisu kiliruka kikauchana mhimili mdogo niliokuwa nimeuhangaikia asubuhi nzima. "Samahani, Mama Kadzo," nikasema.

"Samahani ina kipenyo gani?"

"Nini?"

"Nakuuliza. Nipe kipimo nikaipime."

Nikauokota mhimili uliochanika, nikautazama.

"Mkono wako umefanya nini? Sema hilo. Usizidishe, usipunguze, na cha mtu mwingine usikitie."

"Nilisukuma kisu kabla ya kukaza skrubu."

"Eeh. Sasa tumeelewana." Akanipa nyundo na mihuri nijigongee mwenyewe. Sheria ilikuwa hiyo: kwanza unasema kwa sauti, kisha unagonga, kisha unatundika. Na hapo ndipo ile karatasi ya kabatini ilipopata umbo machoni pangu. Mpaka siku ile nilikuwa nimeikataa kwa hasira tu. Sasa nilijua ubaya wake ni upi: ilikuwa lebo ya kosa la mtu mwingine, imekwisha kugongwa, natakiwa nitoe shingo yangu itundikwe.

Tuliamua kutengeneza injini. Nasema tuliamua, yeye aliamua, mimi nikachora michoro mizuri ambayo aliitumia kufunikia unga. Injini ya mvuke, urefu wake kama sufuria ya watu watatu, yenye silinda moja inayoyumba na gurudumu zito la kuzunguka. Nilimwuliza itaendesha nini. "Itaendesha gurudumu," akasema. Na gurudumu? "Litazunguka. Mbona una maswali ya mpangaji?" Shaba tulipata kwenye mifereji mibovu ya hoteli, kufuli zilizopoteza funguo na funguo zilizopoteza kufuli. Tuliiyeyusha kwa makaa uani, huku kuku wakifukuzwa na mimi nikizungusha mkono wa feni, tukaimimina katika udongo mwekundu uliofinyangwa ndani ya sanduku la mbao. Kila kitu kilitegemea udongo ule. Mchanga wa pwani haufai. Una chumvi na vumbi la makombe, na shaba ya moto ikiugusa huchemka ikatoka na vitundu kama mkate. Unataka udongo wa Magarini, ule mwekundu unaoshikamana ukiubana kiganjani. Mama Kadzo kwa uvivu wa mara moja alikuwa amechota karibu na mto Sabaki badala ya kwenda mbali, na alikuwa na wasiwasi nao. Alinusa, alionja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Utafaa," akasema, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe.

Ukafaa. Silinda ilitoka nzuri, na kazi ya kulitoboa tundu lake la katikati mpaka likae pistoni barabara alinipa mimi. Ilikuwa kazi ya siku tatu. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, na Ami Nassoro, baada ya kula na kukosa mtu wa kumsema, alikuja Muyeye mwenyewe na karatasi ndani ya bahasha. Akasimama mlangoni, akaziangalia nyuzi za shaba, akainua kanzu.

"Zuhura. Nimekuletea na kalamu."

"Ami, basi la chuo sikulichoma."

"Nani kasema ulilichoma? Karatasi ndiyo inasema. Wewe tia sahihi tu, moyoni useme unachotaka."

"Sahihi haina moyo, Ami. Ina jina langu."

Nilikuwa nimejifunga kibwebwe, nina grisi mpaka kwenye nyusi, na nilijiona mrefu. Nikamtolea hotuba. Siikumbuki yote, na ninachokikumbuka naona haya kukiandika. Palikuwa na neno "historia" ndani yake. Nikamwambia mimi hukiri nilichokifanya kwa mkono wangu, na nisichokifanya sikikiri hata chuo chote kikifungwa milango. Mama Kadzo alifuta mikono, akamshika Ami kwa upole wa askari, akamsindikiza nje huku akimwuliza kama anajua kuwa kalamu tatu mfukoni huharibu umbo la kanzu. Nami, damu ikinichemka, nikaigeukia tornio kumalizia mkato wa mwisho.

Kwenye tornio chuma ndicho kinachozunguka, kwa hiyo kisu kinakula pande zote mbili. Ukikisogeza unywele mmoja, tundu linapanuka nywele mbili. Mtu huambiwa hilo siku ya kwanza. Mimi niliambiwa siku ya kwanza, nikatikisa kichwa kwa upole wa aliyekwisha kusoma jiometri. Ijumaa ile nilipima kilichobaki, nikaisogeza namba yote nzima badala ya nusu yake, nikaendesha. Nilipoitia pistoni ilipita moja kwa moja ikaanguka mezani, kama kokoto ndani ya mfereji.

Nje nilisikia Mama Kadzo akicheka na Ami akilalamika. Nilikuwa na muda wa kunywa nusu kikombe cha maji. Ndani ya silinda, karibu na ukingo, palikuwa na kitundu kidogo kama ncha ya sindano, cha kawaida, kisicho na madhara. Nikachukua msumari mkali wa kuchorea, nikakichimba. Nikakichimba mpaka kikawa kitundu cha kuonekana. Aliporudi nilimwambia: "Shaba ina tundu. Nimelifuata kwa kisu nikidhani litaisha, likazidi kuingia." Uongo ule ulikuwa kamili; ulieleza tundu na ukaeleza upana. Nadharia yangu ilikuwa bora kuliko mkono wangu, kama kawaida.

Mama Kadzo akaipeleka silinda mlangoni kwenye mwanga. Akavaa miwani. Akapitisha ukucha pale penye tundu, akarudia tena na tena kwa muda ambao kuku mmoja aliutumia kuingia, kuzunguka chumba chote na kutoka. "Basi ni udongo wangu," akasema.

Kesho yake alifunga safari ya Adu, huko Magarini, kwa nduguye, kuchimba udongo. Siku nne. Alirudi na magunia mawili juu ya baiskeli ya kukodi, yeye mwenyewe akitembea pembeni ameshika gunia lisianguke, na kiuno kikimwuma kiasi kwamba wiki nzima alifanya kazi ameegemea meza. Ile silinda aliitundika mwisho kabisa wa waya, kule kwenye pembe ya ukuta, na lebo yake. Sikwenda kuisoma. Nilijua inasema nini. Inasema MAMA KADZO, na inasema UDONGO, na kila siku nilifanya kazi nimeipa mgongo, mimi niliyemwambia Ami wangu kwamba sahihi ina jina langu.

Tulimimina upya. Safari hii nilipima mara tatu na kusogeza nusu, na pistoni ilipoingia ilisita kidogo, ikashuka polepole ikisukuma hewa mbele yake kama mtu anayeshusha pumzi. Mama Kadzo aliitia na kuitoa mara kumi. Siku hiyo alipika sima na kisamvu cha nazi, akanipa finyango la juu la sima, akanitazama nikila. Sikumaliza sahani. Alisema wenye nadharia hula kidogo.

Mwaka ulikuwa unakwisha, na karatasi bado iko kabatini. Nilichofanya ni kuandika yangu. Niliiandikia palepale mezani kwake, juu ya ubao wenye mafuta, na kwa kuwa sheria ya chumba ilikuwa kusema kwanza kwa sauti, nilimsomea. "Mimi, Zuhura, nilibeba sufuria ya maharagwe kutoka jikoni nikaimwaga mlangoni pa jengo la utawala."

"Sufuria ngapi?"

"Moja."

"Andika moja. Ulibeba peke yako?"

"Na mwenzangu."

"Yeye ana mkono wake. Endelea."

"Maharagwe yalikuwa na wadudu. Basi la chuo sikulichoma wala sikuliona likichomwa. Siwezi kujuta kwa lisilo langu. Nilichokifanya nimekitaja chote."

Mama Kadzo aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena. "Barua imenyooka," akasema. Kisha akainua uso, akautazama waya, akaufuata kwa macho polepole mpaka mwisho wake kule kwenye pembe, akarudisha macho kwangu. Nikaanza kuzikusanya nyuzi za shaba chini, ingawa nilikuwa nimezifagia muda si mrefu. Alingoja kidogo. Halafu akaanza kupiga mbinja.

Siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye barua ya chuo tuliiwasha injini. Nilimwalika Shangazi, naye akaja amevaa kama aendaye harusini, na Ami nyuma yake, akiwa amebakiza kalamu moja mfukoni. Birika la mvuke likakaa juu ya makaa uani. Likanguruma, likatema maji, likatukaripia. Mama Kadzo akalisukuma gurudumu kwa kidole, halikutaka, akalisukuma tena, na ghafla silinda ikaanza kuyumba, huku na huku, gurudumu likashika mwendo, likawa duara moja la kung'aa lisilo na njiti. Kuku walikimbilia kwa jirani.

"Inafanya nini?" Shangazi akauliza.

"Inazunguka," nikasema.

"Halafu?"

"Basi."

Shangazi akafikiri. Akavuta kiti. "Mwaka mzima," akasema, kwa sauti ambayo sikuweza kujua ni ya lawama au ya heshima, akakaa pale akiitazama mpaka chai yake ikapoa, na Ami alipotaka kuaga alimwambia anyamaze, hasikii vizuri.

Chuo kilinijibu kwa mistari miwili. Nilifukuzwa. Wenzangu waliotia sahihi wakawa wahandisi, na baadhi yao ni wazuri. Madaraja yao nayapita, na bado yamesimama. Mimi baadaye nilisoma fasihi kwingine, na hivyo nchi ikapoteza mhandisi wa wastani ikapata mwandishi wa insha wa wastani. Sijutii. Nimeulizwa mara nyingi, na ndugu, na mabwana wawili, na afisa mmoja wa mikopo, kama nisingekuwa na busara zaidi leo. Nisingekuwa. Nikiletewa karatasi ile kesho nitairudisha kabatini kwenye vikombe vya kahawa. Kwa hadithi hiyo nimepigiwa makofi katika kumbi kadhaa. Niliisimulia vizuri sana, kila mara nikiishia kwenye "sahihi ina jina langu", na kila mara nikiiacha ile silinda nje kama kuku.

Nilifika Muyeye wamekwisha kufunika kaburi, na kwaya ya kanisani kwake, aliyokuwa akigombana nayo miaka yote, ilikuwa imemkalia ikimwimbia kwa sauti nne, naye hana la kufanya. Kadzo, ambaye sasa ana mvi na mwanya wa mamake, alinipeleka chini ya turubai, akanipa bati kubwa la biskuti na kijisanduku cha mihuri. Waya ulikuwa umekunjwa ndani ya bati, na vyuma vyake vyote. Nikaufungua mapajani. Nikakutana na makosa yangu ya zamani moja moja, kama watu wa darasa moja: ZUHURA. SKRUBU. ZUHURA. NILIKUWA NAONGEA. Mwisho kabisa ilikuwa silinda, imekuwa kahawia, nzito kama jiwe. Nikakiangalia kile kitundu. Ukingo wake ulikuwa umekwaruzwa, mikwaruzo ya msumari inaonekana hata kwa macho yangu ya sasa. Shaba iliyochemka hutoa kitundu laini cha mviringo. Mtu aliyefagia shaba miaka kumi na mmoja hawezi kukosa kuijua tofauti.

Nikaishika lebo, nikajiandaa kusoma. Haikuwa na kitu. Nikaigeuza. Upande wa pili nao mtupu, bati tu, hata herufi moja.

"Nilimwuliza," Kadzo akasema. "Mbona hii haina maneno? Akaniambia, mwenye maneno yake atakuja nayo."

Sikulia, na ningelia ningekuandikia. Nilimwomba nyundo. Kadzo akaitoa chini ya kiti, alikuwa nayo tayari. Nikaiweka lebo juu ya jiwe, nikasimama, kwa kuwa kwanza ni kusema, nikasema kwa sauti inayofika kaburini: "Nilisogeza nzima badala ya nusu. Kisha nikachimba tundu kwa msumari, nikausingizia udongo wako." Kwaya ikapotea katikati ya ubeti. Wanawake wakageuka. Nikakaa, nikaanza kugonga. Herufi ya kwanza iliingia kichwa chini miguu juu, nikaiacha hivyohivyo.

"Nani huyo anayegonga nyundo matangani?" sauti ikauliza.

"Mwacheni," Kadzo akasema. "Yuko kazini."

Niligonga zote. Nilisikia minong'ono kwamba ndiye yule mwandishi, kwamba waandishi ndivyo walivyo, kwamba pengine ni jua. Nikaendelea kugonga, na sikupunguza mkono. Lebo ilijaa hadi ukingoni, ikabaki nafasi ya neno moja tu. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa amesogea nyuma yangu akisoma bila kuombwa, akainama akaninong'oneza kwa wema kabisa kwamba hapo pangefaa niongeze samahani.

Nikamwuliza ina kipenyo gani.